Siku Mama Alipomtuza Mjapani

Kabati la Mama linanukia naftalini. Ukilifungua tu, kabla hujaona nguo hata moja, harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo inakupanda puani mpaka machozi yanakulengalenga. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwake Alby, nje kidogo ya Stockholm, kumsaidia kupanga vitu vyake, nikafungua mlango wa kushoto, na kabla sijajua ninachofanya nikawa natafuta koti jekundu mahali ambapo najua kabisa halipo. Ipo henga ya mbao tu, tupu. Miaka yote hii Mama hajatundika kitu kingine pale, wala mimi sijawahi kumwuliza kwa nini.

Koti lile lilikuwa la Dada Rehema. Dada Rehema ni mtoto wa kwanza wa Mama, aliyeachwa Tabora kwa Bibi wakati Mama alipoolewa na baba yangu na kumfuata huku Sweden. Mimi nilizaliwa huku. Baadaye Baba akahamia mji mwingine na maisha mengine, akatuachia vyumba viwili, televisheni na ukimya. Nilikuwa na miaka tisa na sijawahi kumwona dada yangu uso kwa uso. Nilimjua kwa sauti. Kila Jumapili Mama alikwangua kadi ya simu kwa kucha, akabonyeza tarakimu zile nyingi, akaongea yake, kisha akaniwekea simu sikioni.

"Shikamoo Dada."

"Marahaba Zuhu. Umekula?"

Kila wiki swali lilikuwa hilohilo, kama nimekula. Utadhani njaa iko Sweden na chakula kiko Tabora.

Sasa, ili Dada aje kuishi nasi, wakubwa wa mambo ya uhamiaji walitaka Mama awe na nyumba ya kutosha na kazi ya kueleweka. Nyumba tulikuwa nayo. Kazi ndiyo ilikuwa bado ya kupimwa: Mama alifanya usafi na kuhudumia mgahawa kwenye jumba la utamaduni kule kusini mwa jiji, kwa majaribio, na akipita ndipo aajiriwe moja kwa moja. Hayo niliyajua yote, maana kuta za nyumba zetu ni nyembamba na Mama akiwa na wasiwasi huongea kwa sauti. Siku moja, amechoka, nimemwaga juisi sakafuni pa mgahawa, aliniambia, "Zuhura, ukinitia aibu hapa kazini, dada yako haji." Alisema mara moja tu na nadhani jioni ile ile alishasahau. Mimi sikusahau. Nililibeba neno lile miezi mizima, shuleni, kitandani, kila mahali.

Basi pale kazini kwa Mama nikawa mtoto wa ajabu. Nilitembea kwa ncha za vidole. Nilifuta meza zisizo na uchafu kwa mkono wa sweta langu. Hata chafya nilikuwa naimeza. Nilimwogopa hasa Gunilla, mkuu wa pale, mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa mkali, ila alipenda kila kitu kikae mahali pake, na alikuwa na sheria moja aliyomwambia kila mfanyakazi mpya: onyesho likishaanza, mfanyakazi hakanyagi jukwaa, hata kiti kikishika moto. Mama alinieleza sheria hiyo akaongeza ya kwake, kwamba mimi nisilisogelee jukwaa hata kukiwa hakuna onyesho.

Koti lilinunuliwa Farsta, dukani, wakati bei zimeshushwa. Zito, la sufu, lina kofia na vifungo vikubwa vya mbao. Mama alimwomba msichana wa duka alivae yeye kulijaribu, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akampima kwa picha ya Dada aliyokuwa nayo kwenye pochi. "Mabega yake yako hivi," alisema. Yule msichana akageuka-geuka kwa heshima mbele ya watu asiowajua. Nyumbani Mama alitia vidonge vya nondo mifukoni na kulitundika, na tangu hapo nikawa kila nikirudi shule nafungua kabati na kutia uso wangu kwenye ile sufu. Msinicheke. Nilikuwa naliamkia. "Shikamoo Dada," nasema, kisha nafunga mlango.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa Jumamosi ya katikati ya baridi kali. Simu ililia kabla hakujapambazuka. Mama akaichukua, akaingia nayo bafuni, akafungua bomba. Nilisimama ukumbini bila soksi, nikategesha sikio, nikasikia maji tu. Yalichuruzika muda mrefu. Mama alikuwa mtu wa kunigombeza nikipiga mswaki bomba liko wazi, kwa hiyo maji yale yalinitisha kuliko simu yenyewe. Alipotoka alikuwa amenawa uso, na macho yake ni mekundu. Akasema sabuni imemwingia.

Kisha akaenda kabatini. Akatoa koti, akakung'uta vidonge kutoka mifukoni, akalikunja polepole na kulitia kwenye mfuko mkubwa wa bluu.

"Kommer hon idag?" nilimwuliza. Anakuja leo? Mambo mazito nilikuwa nayauliza kwa Kiswidi, sijui kwa nini. Labda niliona yakikataliwa kwa Kiswidi hayaumi sana.

Mama alinitazama kama mtu aliyesahau kwamba mimi nimo ndani ya nyumba. "Vaa soksi," alisema. "Na leo usiniulize maswali, mwanangu."

Mwenye akili angekaa kimya akafikiri. Mimi nilishapata jibu. Dada anakuja leo, koti ni la kumpokelea, na Mama anataka nishtuke. Badala ya kufurahi nikajaa hofu. Atalala wapi? Nikikutwa chooni wakati anaingia je? Gunilla akiona msichana mgeni jikoni bila ruhusa, si ndiyo aibu yenyewe? Kwenye treni ya mstari mwekundu nilimkagua kila msichana mweusi mwenye begi. Mmoja alinitolea ulimi.

Kazini siku hiyo Wajapani ndio waliokuwa na zamu ya kupiga muziki. Bango lao lilikuwa limebandikwa mlangoni tangu Krismasi: wanaume watatu na mwanamke mmoja, suti nyembamba nyeusi, tai kama kamba ya kiatu, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa. Jina lao la Kijapani lilikuwa refu na sikuweza kulikariri. Walikuwa wanapiga muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, ule wa bluzi lakini wenye mwendo wa kuchezeka, uliovuma kabla wazazi wao hawajaoana. Onyesho lilikuwa saa tisa mchana, kwa hesabu ya Stockholm ya majira hayo tayari giza linaingia.

Tulikuta wamefika na vyombo vyao, ila mabegi ya nguo yamebaki uwanja wa ndege fulani njiani. Hawakuwa na makoti. Wanaume walijifanya wagumu, wakaruka-ruka na kucheka. Yule mwanamke, mpiga dramu, aliitwa Emi, mdogo wa umbo, hazidi sana umri wa Dada nilivyomfikiria. Alikaa karibu na jiko letu ameshika kikombe kwa mikono miwili, na kila mlango wa mizigo ulipofunguliwa upepo ukaingia, mabega yalimpanda masikioni. Mama alimpikia chai ya tangawizi. Kisha akasimama akamtazama vidole. "Vidole hivi vimekuwa vya bluu," aliniambia. "Atapigaje?"

Walipoanza kujaribu vyombo, Mama alikuwa anakata mkate. Gitaa likalia, besi ikafuata, mwimbaji akapuliza kinanda cha mdomo, na kisu cha Mama kikasimama hewani. Tangu asubuhi alikuwa hajasema neno la ziada. Sasa akasema, bila kunitazama, "Mjomba Saidi alikuwa na santuri hizi."

Mjomba Saidi alikuwa fundi wa reli pale Tabora, na mtu mmoja wa reli alimletea santuri kutoka pwani, za Wamarekani, zimekwaruzika. Jumamosi mchana vijana wa mtaa walikuja na tai nyembamba kama zile za hawa Wajapani, wakacheza uani mpaka magharibi, na Mama, mtoto wa kunizidi kidogo, alikuwa ndiye wa kuzungusha mkono wa gramafoni. Aliniambia kwamba bendi za mjini nazo zilizipiga zile nyimbo, na mpigaji akikuna roho hasa, watu walikwenda kumtuza. Kisha akaendelea kukata mkate. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja, macho yako mlangoni.

Onyesho likaanza na Dada hajafika. Ukumbi ulijaa wazee wawili-wawili na vijana wenye ndevu, wamekaa wima, mikono magotini. Wajapani walijituma, nawaambieni. Mwimbaji alipiga magoti, akainuka, akaimba kwa sauti iliyokwaruza kama zile santuri za Mjomba. Kiingereza chake cha kuzungumza kilikuwa cha kuokoteza. Alituambia kati ya nyimbo kwamba alijifunza yote haya kwenye santuri za babu yake, ila akishaanza kuimba hakukwama mahali. Gitaa lilimjibu kila neno. Emi alikuwa nyuma ya dramu na suti yake nyepesi, anapiga huku kajikunyata. Na wale Waswidi walipenda, sasa najua walipenda, lakini kupenda kwao kuliishia kwenye vidole vya miguu. Wimbo ukiisha wanapiga makofi ya adabu, kisha kimya, mpaka unasikia mtu akikohoa. Nilimwona mwimbaji akimtazama mwenzake wa gitaa kwa jicho la kuuliza.

Mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu nami, na sinia la vikombe. Niliona kisigino chake kikianza kugonga mdundo. Kisha akaweka sinia chini. Akavua aproni. Akainama kwenye mfuko wa bluu aliokuja nao.

Kutuza nilikujua. Kwenye harusi za Waswahili, kwenye kumbi za kukodi kule Hässelby, nilishaona kina mama wakienda kwa mstari, wanacheza taratibu, hawana haraka, mpaka kwa mwimbaji. Unampa ulichonacho wakati wimbo unaendelea, unamnong'oneza jina la unayemtuzia, na yeye analitia jina hilo ndani ya wimbo. Hässelby hakuna anayeshangaa. Lakini hapa palikuwa kazini kwa Mama, na Mama alikuwa anashuka njia ya katikati na koti la Dada mikononi, amelilaza kama mtu anayepeleka mahari, anacheza.

"Mama, nej, usiende," nilisema, ila sauti haikutoka. Vichwa vilianza kugeuka. Kijana wa ulinzi aliyekuwa ameegemea ukuta akasimama sawasawa. Gunilla akainuka kwenye kiti chake, miwani ikambembea kifuani. Kazi imekwisha, nilijisema. Dada yuko njiani, atafika akute Mama hana kazi na koti halipo, na watamrudisha pale pale mlangoni. Nilitaka kukimbia nimvute gauni, lakini nami nilikuwa nimekatazwa kulisogelea jukwaa, na kwa ujinga wangu nikaitii ile amri.

Mama akapanda. Emi alimtumbulia macho bila kuacha kupiga. Mama akasubiri, anacheza palepale, mpaka wimbo ulipofika mahali pa kupumua, kisha akamtandika koti mabegani na kumfunga kifungo cha juu, kama unavyomfunga mtoto anayekwenda shule. Halafu akamwendea mwimbaji, akamfuta jasho la paji la uso kwa ncha ya mtandio wake, akamwinamia sikioni. Kipaza sauti kilikuwa karibu, tukasikia wote. "Kutoka kwa Rehema," alisema kwa Kiswahili. "Rehema wa Tabora."

Yule bwana hakuelewa neno, lakini alielewa. Aliinama mpaka tai ikagusa magoti. Mama akapiga goti kidogo, kwa adabu ya kwao. Yeye akaona ameheshimiwa, akainama tena. Mama akapiga goti tena. Wakaendelea hivyo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha, na ukumbi ukaanza kucheka. Kisha akashika kipaza sauti akasema, "Rehema." Akalirudia kwa kulivuta ndani ya wimbo, "Rehema, Tabora," na gitaa likamwitikia. Emi alipiga dramu koti likiwa mabegani, na mabega yameshuka. Watu wakasimama. Makofi yale sikuwahi kuyasikia pale tena.

Mimi nilikuwa nalia nyuma ya ukumbi. Bibi mmoja wa Kiswidi alinipa kitambaa cha karatasi, akaniambia ndiyo, muziki mzuri una kawaida hiyo.

Gunilla alikuja jikoni baadaye. Nilishika aproni ya Mama kwa mikono yote miwili.

"Mwajuma," alisema, "kile kilikuwa nini?"

Mama akamjibu kwa Kiswidi chake cha polepole. "Kwetu tunasema mcheza kwao hutuzwa. Hawa wako mbali na kwao. Nikaona leo sisi tuwe kwao."

Gunilla alichukua miwani, akaifuta, akaivaa. "Siku nyingine uniambie mapema," alisema, "nimwambie mlinzi."

Akaondoka. Nilimngoja arudi na maneno ya kufukuza. Hakurudi, nami sikutulia.

Ndani ya treni ya kurudi nilishindwa kuvumilia. "Mama, lile lilikuwa koti la Dada."

"Najua."

"Sasa atavaa nini? Anafika saa ngapi?"

Mama alinivuta kofia ya sufu mpaka ikafunika masikio. Alitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa sisi wawili kwenye kioo. "Umekula?" aliniuliza.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Mama alipewa kazi ya kudumu. Gunilla alileta keki. Nilirukaruka jikoni kwetu Alby nikiimba, sasa Dada anakuja, sasa Dada anakuja, na Mama akaendelea kukatakata vitunguu hata baada ya kutosha. "Inshallah," alisema. Baadaye ikawa karatasi zinachelewa. Baadaye zaidi, kidogo kidogo, nikaacha kuuliza, ingawa Jumapili niliendelea kuamkia na kuulizwa kama nimekula.

Nilipokwenda Tabora kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi. Dada Rehema ana nyumba yake karibu na stesheni, cherehani mbili na watoto watatu. Mchana mmoja tulikuwa tunachambua mchele barazani, nikamsimulia habari ya Mama na Mjapani. Nilimsimulia kama kichekesho. Nilifika mahali pa koti, nikaona mikono yake imesimama juu ya ungo.

"Ilikuwa Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi."

"Mimi ndiye niliyepiga simu asubuhi ile."

Akanieleza, sauti ya chini, macho kwenye mchele. Siku moja kabla walimwita ubalozini Dar es Salaam wakamwambia amekataliwa. Alishatimiza miaka kumi na minane kabla zamu yake haijafika, na mtu mzima haletwi na mama yake. Hapakuwa tena na njia. Mama alilia kwenye simu maji yakiwa yanachuruzika, na Dada, msichana wa miaka kumi na minane aliyenyimwa mama, ndiye aliyembembeleza. "Nikamwambia, Mama, lile koti lisiliwe na nondo. Mpe mtu mwenye baridi, na umwambie linatoka kwangu."

Niliyaona maji ya bomba, mfuko wa bluu, vile vitunguu. Kile nilichokuwa nakiogopa siku nzima, nikitembea kwa ncha za vidole, kilikuwa kimeshatokea kabla sijavaa soksi. Na nikaelewa kwa nini Mama hakuniambia. Angeniambia kwamba Dada haji, ningeanza kutafuta ni aibu gani niliyomtia kazini. Ningeipata, nilikuwa mtoto wa kuipata. Kumbe na yeye hakuwa amelisahau lile neno lake, akakaa na huzuni yake peke yake ili nisije kudhani ni kosa langu.

"Jioni alinipigia tena," Dada aliendelea. "Akaniambia Mjapani amelitaja jina langu mbele ya watu, wakasimama wakapiga makofi. Nikajua ananidanganya ili nisilie. Sikumwambia kwamba najua. Miaka yote hii nimemwachia."

"Hakukudanganya, Dada. Nilikuwepo."

Aliinua uso. "Kweli alilitaja?"

"Mara mbili. Na Tabora akaitaja."

Alijifunika uso kwa ncha ya khanga, na mimi nikaokota punje zilizomwagika mkekani. Alipoishusha khanga aliniuliza yule Mjapani alilisemaje hasa, nimwonyeshe. Sina sauti mimi. Lakini nilisimama pale barazani, watoto wake wakitazama, nikalivuta lile jina kama lilivyovutwa siku ile, na nilipofika mwisho dada yangu akaniambia nirudie.